Nia ya Kuhama na Mtoto Asiyeulizwa

Miongoni mwa maamuzi ambayo wazazi huyafanya kwa niaba ya watoto wao, uamuzi wa mahali pa kuishi ni mzito kuliko unavyodhaniwa, na bado ni nadra kujadiliwa kama suala la maadili. Mtu mzima anayehama huhama kwa hiari yake na hubeba mwenyewe faida na hasara za hiari hiyo, ilhali mtoto wa miaka miwili au mitano anayeshushwa katika gati la Mokowe na kuvushwa kwa boti hadi kisiwa cha Lamu hakuulizwa, na hata kama angeulizwa asingekuwa na kipimo cha kujibia. Kwa uamuzi huo mmoja ameshachaguliwa lafudhi atakayozungumza nayo, wenzake wa kucheza nao, mwalimu atakayemfundisha alifu na be, umbali utakaomtenga na kaburi la babu yake, na pengine hata ukoo atakaooa au kuolewa. Suala linalochunguzwa katika makala haya ni jambo gani hasa linalompa mzazi haki ya kumchagulia mtoto mji, na kama haki hiyo hukamilika siku ya kufika au huendelea kudaiwa baada ya hapo.

Lamu inafaa kuwa mfano, kwa kuwa ni mji mdogo wenye historia ndefu na wenye mazoea yake kuhusu wageni. Mji huo mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, umekaliwa kwa zaidi ya miaka 700, nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba mizigo hubebwa na punda. Sifa hizo huzivutia familia changa kutoka Nairobi, Mombasa na hata Ulaya, ambazo hutarajia kwamba huko mtoto ataweza kutumwa dukani bila ya mzazi kuogopa magari, kodi ya nyumba haitameza nusu ya mshahara, na kazi ya ofisini itafanyika kwa kompyuta huku upepo wa bahari ukiingia dirishani. Matarajio hayo ni ya halali, wala hakuna dini inayomkataza mtu kutafuta utulivu kwa ajili ya wanawe. Lakini ukiyapanga yote pamoja unaona kwamba ni orodha ya mambo ambayo familia inayataka kutoka kwa mji, na hamna ndani yake hata jambo moja ambalo mji unaweza kulitarajia kutoka kwa familia.

Kwa Mwislamu, mjadala wa kuhama huanzia katika Hadithi ya nia, ambayo Imamu Bukhari aliiweka mwanzoni kabisa mwa mkusanyiko wake na Imamu Nawawi akaifanya ya kwanza katika Hadithi zake Arubaini. Waumini wengi wanaijua sehemu yake ya kwanza, inayoeleza kuwa thamani ya amali hutegemea nia, yaani kusudio la moyo linaloambatana na tendo. Wachache huikumbuka sehemu inayofuata, ambayo mfano wake ni kuhama hasa. Humo Mtume Muhammad (S.A.W.) alifafanua kwamba anayehama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake huhesabiwa hivyo, na anayehama kwa ajili ya chumo la dunia au kwa ajili ya mwanamke anayetaka kumwoa huhesabiwa kuwa amekihamia kile alichokitaka. Neno lenyewe, hijra, ambalo maana yake ni kuhama, hutumika zaidi kwa safari ya Mtume kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622. Inafaa kuzingatia kwamba, kati ya amali zote ambazo zingeweza kutolewa mfano, kuhama ndiko kulikochaguliwa, na pengine sababu ni kuwa hakuna tendo lingine linalofanana hivyo kwa nje huku likitofautiana hivyo kwa ndani, kwani watu wawili wanaweza kuvuka jangwa moja na kufika mji mmoja siku moja, na kila mmoja wao akawa amehamia jambo lake.

Ugumu huanza pale inapokumbukwa kuwa nia ni ya mzazi peke yake. Fiqhi, yaani elimu ya hukumu za kisheria katika Uislamu, imeutambua ugumu huo kwa namna inayostahili kuelezwa kwa urefu, hasa katika madhehebu ya Imamu Shafii yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Madhehebu hayo huwagawa watu katika daraja tatu kwa kuangalia uhusiano wao na mahali walipo. Wa kwanza ni msafiri, ambaye anaruhusiwa kufupisha sala. Wa pili ni mukimu, aliyenuia kukaa mahali kwa siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, na ambaye kwa nia hiyo tu hupoteza ruhusa za safari na kulazimika kuhudhuria sala ya Ijumaa pamoja na wenyeji. Wa tatu ni mustautini, yaani aliyeufanya mji kuwa watani wake, au makazi yake ya kudumu, ambaye hauachi wakati wa kiangazi wala wa masika ila kwa haja. Tofauti kati ya daraja la pili na la tatu hujitokeza siku ya Ijumaa, kwa sababu sala hiyo, kwa kauli mashuhuri ya Mashafii, haisihi mpaka wapatikane wanaume 40 waliofikia daraja la ustautini, na mukimu, ingawa amelazimika kuhudhuria, haingii katika hesabu ya hao arubaini. Mfanyabiashara au mwanafunzi aliyekaa mjini miaka kadhaa huku moyo wake umekusudia kurudi kwao anaweza kusimama safu ya mbele kila Ijumaa, na sala yake ikakubalika, na bado kuwepo kwake kusiongeze idadi. Wanazuoni walioiandika hukumu hiyo walikuwa wakishughulikia ibada, lakini ndani yake mna falsafa nzima ya ukaazi, kwa kuwa inakubali kwamba mtu huanza kudaiwa na mji mapema sana, baada ya siku chache tu, ilhali hauhesabiki kuwa wake mpaka autoe moyo wake katika hesabu za kuondoka.

Katika vitabu vya madhehebu hayohayo hujadiliwa pia hali ya mfuasi, yaani mtu anayesafiri chini ya amri ya mwingine, kama vile askari anayemfuata amiri wake pasipo kujua mwisho wa safari. Mtu huyo hapewi ruhusa za msafiri kwa kule kuanza kutembea tu, maana hana mahali alipopakusudia, bali hungoja mpaka umbali wa safari uwe umekatwa. Mtoto mdogo wa familia inayohama, kwa mtazamo wa maadili, yuko katika hali inayofanana na ya mfuasi huyo, ila kwa tofauti moja kubwa. Baba na mama wanaweza kukaa Lamu miaka kumi wakiwa mukimu, shamba walilolinunua bara likiwasubiri na nyumba ya jijini ikiwa imepangishwa kwa mkataba mfupi, lakini mtoto wao hana mji mwingine katika kumbukumbu zake. Yeye ameufanya mji huo watani bila ya kunuia, kabla ya wazazi wake, na mara nyingi bila ya wao kujua. Basi chini ya paa moja hupatikana daraja mbili za ukaazi, na siku wazazi watakapoamua kwamba majaribio yamekwisha na wakafungasha virago, wao watakuwa wanarudi kwao, na mtoto atakuwa anatolewa kwao. Dhuluma inayoweza kumpata mtoto katika kuhama iko hapa zaidi kuliko katika ile safari ya kwanza, ambayo ndiyo wazazi huihofia na kuisikitikia.

Kisa ambacho dini za asili ya Nabii Ibrahimu zimekihifadhi kuhusu mama na mtoto mchanga waliohamishiwa mahali pageni kinasaidia kulifikiri jambo hili. Katika mapokezi ya Kiislamu, Ibrahimu alimpeleka Hajar na mwanawe Ismaili katika bonde lisilo na mimea, akawaachia tende na kiriba cha maji, na alipogeuka kuondoka mkewe alimfuata akimuuliza tena na tena mpaka akapata hakika kwamba jambo hilo lilikuwa amri ya Mungu. Dua aliyoiomba Ibrahimu baada ya hapo, iliyotajwa katika sura ya 14 ya Kurani, ina mpangilio ambao kila mzazi anayehama angefaa kuutafakari. Aliomba kwanza kuhusu sala, kisha akaomba mioyo ya watu ielekezwe kwa kizazi chake, na riziki ya matunda ikaja baada ya hayo. Bonde lilikuwa kavu, na akili ya kawaida ingetanguliza maji na chakula. Lakini baba huyo aliona kwamba mtoto anayelelewa mahali pasipo na mioyo inayomwelekea atakuwa na njaa ambayo matunda hayaiondoi. Familia nyingi zinazouchagua mji wa pwani kwa ajili ya watoto hupanga dua zao kinyume cha hapo, zikitanguliza mandhari, hewa na unafuu wa gharama, na kuliacha suala la watu lijitatue lenyewe.

Sehemu ya pili ya kisa hicho, iliyosimuliwa na Ibn Abbas katika Sahihi ya Bukhari, ndiyo inayohusu zaidi miji midogo. Baada ya kisima cha Zamzam kububujika katika bonde hilo, watu wa kabila la Jurhum waliokuwa wakipita waliona ndege akizunguka angani, wakatambua kuwa pana maji, wakamwendea Hajar na kumwomba ruhusa ya kukaa karibu naye. Alikubali, naye alikuwa akitamani wenzi wa kuishi nao, ila aliweka sharti kwamba hawatakuwa na haki ya kuyamiliki maji, na wao wakakubali. Mwanamke asiye na mume karibu wala jeshi aliombwa idhini na kabila zima, kwa sababu tu alitangulia kufika, na kabila hilo halikuona aibu kuomba. Ismaili akakua miongoni mwao, akajifunza Kiarabu kutoka kwao, akaoa kwao. Wageni wawili wakawa wenyeji kwa njia ya idhini, lugha na ndoa, na maji yakabaki kuwa amana, yaani kitu ambacho aliyenacho anakitunza kwa ajili ya haki isiyo yake peke yake.

Kwa Lamu, habari ya maji si fumbo. Mji huo hunywa maji yanayohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela, upande wa kusini wa kisiwa, ambako mvua huchujwa na mchanga na kukaa juu ya maji ya chumvi kama utando wa maji baridi usio mnene. Maji yakichotwa kupita kiasi, au matuta yakijengwa majumba, chumvi hupanda visimani. Shela ndiko ambako nyumba nyingi zimenunuliwa au kujengwa na watu waliotoka mbali, na wengi wao ni watu wema waliokuja kwa mapenzi ya kweli na mahali hapo. Lakini mapenzi hayazuii chumvi kupanda. Mzazi anayechimba kisima chake binafsi ili bustani ya watoto wake iwe kijani, bila ya kuwauliza waliotangulia kama maji yanatosha, amefanya jambo ambalo Jurhum, wenye silaha na idadi, hawakulifanya kwa mwanamke mmoja na kichanga chake. Huo ni uhalifu wa kimaadili hata pale sheria ya ardhi inaporuhusu, na mtoto ambaye bustani hiyo ilipandwa kwa ajili yake ndiye atakayeishi mjini kwa muda mrefu zaidi akiyanywa maji yaliyoharibika.

Inaweza kupingwa kwamba hoja hizi zinaidai familia inayohama zaidi ya haki, kwa kuwa hakuna mtoto yeyote aliyewahi kuchagua mahali pa kukulia, na anayezaliwa Nairobi katika nyumba ya kupanga hakuulizwa pia. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini linapita juu ya tofauti moja. Mtoto anayekulia kwa jamaa zake huzaliwa ndani ya mtandao wa madeni alioukuta tayari: yupo shangazi aliyemwogesha, yupo jirani aliyemkopesha mama yake unga, wapo watu ambao siku moja atawazika. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyeandika juu ya mizizi ya binadamu mwaka 1943 akiwa uhamishoni London, aliiona haja ya kuwa na mizizi kuwa miongoni mwa mahitaji makubwa ya roho na yanayotambuliwa kwa shida, na mizizi aliielewa kuwa ni kushiriki kwa vitendo katika maisha ya jumuiya inayotunza hazina za jana na matarajio ya kesho. Mzazi anayemng'oa mtoto katika mtandao huo amejitwika wajibu wa kumfumia mwingine, na wajibu huo hautekelezwi kwa kununua nyumba. Waswahili waliuelewa wanaposema kuwa mgeni apewe jembe siku ya tatu. Methali hiyo mara nyingi huchukuliwa kama karipio kwa mgeni mvivu, ilhali inaweza kusomwa pia kama heshima, kwa maana mtu hakabidhiwi jembe katika shamba ambalo hana fungu.

Mji nao haujasamehewa, na ingekuwa ni kujipendekeza kuusifu bila ya kuugusa. Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu dini na jamii ya Lamu, alionyesha jinsi waungwana, yaani koo zilizojihesabu kuwa za asili na za heshima, walivyojenga mipaka ya nasaba iliyowaweka nje waliokuwa watumwa na watu wa kuja. Katika mji huohuo, mwishoni mwa karne ya 19, ndimo alimofanya kazi Habib Swaleh, sharifu aliyetoka visiwa vya Ngazija akiwa bado kijana, ambaye aliwafungulia darasa watu waliokuwa wamenyimwa elimu ya dini, akaishi nao upande wa Langoni, na baada ya upinzani wa baadhi ya wakubwa wa mji akaacha msikiti na chuo cha Riyadha, ambacho Maulidi yake huwaleta mahujaji na wanafunzi kutoka pwani nzima. Mtu huyo hakuzaliwa Lamu, na leo haiwezekani kuieleza Lamu bila yeye. Alipata uenyeji kwa kuanzia na wale ambao mji wenyewe ulikuwa umewafanya wageni.

Upande wa pili wa sarafu uko katika sehemu ya bara ya Kaunti ya Lamu, huko Mpeketoni, ambako kuanzia miaka ya 1970 serikali ilizigawia ardhi familia zilizotoka sehemu nyingine za Kenya katika mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta. Familia hizo zilikwenda na nia njema na zilifyeka pori kwa jasho lao, lakini waliokuwa wakiishi kandokando, wengi wao bila ya hati za ardhi zao wenyewe, walihisi kwamba hawakuombwa idhini kama Jurhum walivyomwomba Hajar. Mwezi Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa huko na katika vijiji vya karibu, na hakuna manung'uniko ya ardhi yanayoweza kuhalalisha mauaji hayo. Watoto waliozaliwa Mpeketoni hawana kwao kwingine. Kuwaita wageni baada ya nusu karne ni kuwaadhibu kwa safari ambayo hawakuipanga, na ni kuisahau barua ambayo Nabii Yeremia, katika sura ya 29 ya kitabu chake, aliwapelekea Wayahudi waliochukuliwa kwa nguvu kwenda Babeli, akiwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto wao na kuuombea amani mji uliowateka. Kama aliyepelekwa kwa mnyororo ameamriwa kuutakia heri mji wa adui, aliyepelekwa akiwa mgongoni mwa mama yake anastahili angalau kuitwa mwenyeji na mji usio adui.

Linalobaki ni namna ambayo mzazi anaweza kuitoa haki aliyomkopa mtoto, na hapo mambo madogo yana uzito kuliko matamko. Mtoto aachwe azungumze Kiamu cha mtaani, aseme *mato* kwa macho na *ndia* kwa njia, bila ya kusahihishwa kila mara kana kwamba lahaja ya wenyeji ni maradhi, kwa sababu Ismaili alipokea lugha ya Jurhum na hakupungukiwa na chochote. Mzazi asimzungushie ukuta wa masomo ya nyumbani na marafiki wa lugha moja, akamfanya mkaazi wa kisiwa ndani ya kisiwa. Na mzazi mwenyewe aende mazikoni. Katika Uislamu, kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya, yaani wajibu wa jumuiya nzima ambao wakiutekeleza baadhi huwaondokea wote, na wasipotokea watu wa kutosha wote hupata dhambi. Asiye Mwislamu hana wajibu huo wa ibada, lakini hakuna anayemzuia kusimama pamoja na wafiwa, na mtaa hukumbuka kwa miaka mingi nani alikuja na nani alifunga mlango. Aliyekaa mjini miaka mitano bila ya kujua makaburi yako upande gani hajamhamishia mwanawe Lamu, hata kama hati ya nyumba ina jina lake.

Wazazi wanaofikiria safari hii waombwe jambo moja kabla ya kuitazama nyumba na bahari. Wawaendee wazee wa mtaa wanaotaka kuhamia, na walimu wa chuo, na kina mama wanaochota maji, wawaombe idhini kama watu wanaoomba jambo linaloweza kukataliwa, na wasikilize jibu mpaka mwisho. Wakikataliwa, watafute mji mwingine. Wakikubaliwa, wasipange tarehe ya kurudi.